Chungu cha Mama Kilivyonyamaza

Nyumbani kwetu kulikuwa na chungu kinachonong'ona.

Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, mkimaliza mtanikuta hapa hapa.

Siwaletei habari za uchawi. Mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu ni kuotesha vijidudu kwenye visahani na kuvichungulia kwa hadubini. Mambo ya mizimu niliachana nayo siku niliyovaa koti jeupe. Lakini chungu kile ukikiinamia ukatega sikio, unasikia kabisa. Chwi, chwi, chwi. Kama watu wanasengenya chumba cha pili.

Halafu kikanyamaza.

Na tangu kiliponyamaza, kwetu hapajakuwa kwetu tena. Mnivumilie niseme yote, maana jambo hili limenikaa kifuani na sina pengine pa kulipeleka.

Mama yangu anatibu vidonda. Usimwite mganga, mtakosana hapo hapo. Hapigi ramli, hafungi hirizi. Ni mama wa watu, anaimba kwaya, akikuona umechomekea shati vibaya anakurudisha ndani.

Dawa yake alirithi kwa Bibi, mama yake mzazi. Kuna majani yanapondwa, yanatiwa kwenye chungu pamoja na maji yaliyochemshwa yakapoa, yanakaa siku kadhaa mpaka yanachachuka. Basi, unapaka kidonda asubuhi na jioni.

Jani lenyewe silitaji. Na msinifuate inboksi, sijibu. Mwenye kidonda aende hospitali. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini nawakalia kooni.

Chungu chenyewe kilikuwa kibaya, jamani, tusifichane. Cheusi tii, ukingo umebanduka, ndani kimeota utando mzito kama kitu kilichosahaulika. Kilikaa kwenye kona ya jiko, kimefunikwa na sahani ya bati. Mgeni akiingia jikoni macho yake yalikwenda moja kwa moja pale, na Mama alikuwa anajua.

Sasa Kaka.

Kaka ndiye mkubwa wangu. Alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, kila kitu. Mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. Kila mtu alimbandika jina. Mimi nilikuwa Bi Visahani. Mama alikuwa Mkurugenzi. Jirani yetu mmoja aliyependa kuazima vitu alimwita Narudisha-Kesho, na mpaka leo jina lake halisi silijui.

Kaka alikuwa na kisukari. Wenye ndugu wa aina hiyo mnajua kinavyoua hisia za miguu taratibu. Siku moja cheche ya moto iliingia ndani ya buti lake kazini. Hakusikia kitu. Alikuja kugundua jioni, alipovuta soksi ikagoma kutoka.

Hospitali walimpa vidonge vya sukari, wakawa wanamsafisha. Kidonda kikakataa kufunga. Wakaanza kuzungumzia kukata vidole.

Mama akawaambia watu wa hospitali kwa upole kabisa, "Sukari ni yenu, wala siigusi. Hiki kidonda niachieni nijaribu."

Ikawa hivyo. Vidonge vya hospitali, dawa ya chungu. Na kidonda kikaanza kuota nyama nyekundu, safi, kutoka chini. Daktari wa kliniki akakiangalia, akasema, "Sijui mnafanya nini, lakini endeleeni."

Kaka akatamba. "Umeona, Bi Visahani? Nyie mnasoma miaka yote hiyo, Mkurugenzi anamaliza kazi na sahani ya bati."

Hapo ndipo wazo likaniingia.

Nilimwomba Mama kidogo nikapime. Akanijazia kichupa. "Chukua. Ila ukifika huko sema ni ya mama yako. Usiseme umeokota."

Maabara nilichukua vijidudu vinavyoozesha vidonda, nikavipanda kwenye kisahani, katikati nikadondosha tone la dawa ya Mama. Kesho yake nikafungua. Kuzunguka lile tone palikuwa peupe. Hakuna kilichothubutu kuota pale. Nikarudia. Nikarudia tena. Kichupa kikaisha katika kurudia, maana nilitaka kuwa na uhakika kabla sijajiaibisha.

Nikampelekea Dokta.

Dokta ni bosi wangu, mtafiti mkuu pale kazini. Mrefu, mpole, miwani yake mikubwa kama madirisha. Akaangalia kisahani. Akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Akavuta kiti akakaa.

"Nani katengeneza hii?"

"Mama yangu."

"Basi tusipime kingine chochote mpaka twende tukamsalimie."

Niwaeleze kidogo mjue ni mtu wa aina gani. Katika kazi zetu hizi wapo wanaokuja, wanachuma jani la mzee wa watu, wanaondoka, na yule mzee hasikiki tena. Dokta hakuwa hivyo. Alisema Mama atakuwa mtafiti mwenza, jina lake litakaa juu pamoja na la kwake, na hakuna kitakachofanyika bila ridhaa yake.

Alikuja nyumbani peke yake kwanza. Akapewa kigoda, akakaa, magoti yakamfika kidevuni. Kaka akanikonyeza. Kabla hata chai haijamiminwa, Dokta alishakuwa Miwani.

Waliongea vizuri sana na Mama. Wakakubaliana chungu kisitoke nyumbani. Wangekuja siku nyingine na wenzake wawili, wamwangalie anatengeneza mwanzo mpaka mwisho, ikiiva wachukue ya kupima, na Mama naye aje maabara aone kwa macho yake.

Kabla hajaondoka Dokta akauliza, "Mama, kuna jambo lingine lolote kuhusu dawa hii ambalo tungepaswa kulijua? Hata kama ni dogo."

Mama akatazama kule jikoni.

"Hapana, mwanangu. Ni hayo tu."

Nilimwona Kaka anamtazama Mama, kisha anainamisha uso anatabasamu. Nikadhani ni utani wao wa kawaida, wawili hawa walikuwa na utani usioisha. Mimi shule zote nimesoma bweni, mambo mengi ya jikoni kwetu yalinipita.

Siku ya wageni ikafika.

Jamani, nyumba ilikuwa inang'aa. Mapazia yamefuliwa. Sakafu imesuguliwa mpaka unaogopa kukanyaga. Vikombe vya kabatini, vile ambavyo sisi watoto wa nyumba hatujawahi kuvinywea, vilikuwa mezani.

Kaka alikuwa amekaa nje na mguu wake umefungwa bandeji mpya. Akasema, "Pita taratibu. Mkurugenzi ameosha kila kitu. Na mimi nisingekimbia ningekuwa kwenye kamba naning'inia."

Nikaingia jikoni. Chungu kilikuwa pale pale kwenye kona, chekundu, cha udongo mzuri kabisa. Miaka yote nilijua ni cheusi, kumbe rangi yake ni ile. Nikasema moyoni, afadhali, maana nilikuwa nawaza wenzangu watauonaje ule utando.

Mama alivaa gauni la kanisani. Alifundisha kama mwalimu. Anaponda, anaeleza. Anapima maji kwa kikombe, anaeleza. Dokta anauliza, wenzake wanarekodi. Nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ya kupewa cheti changu. Mama yangu na kazi yangu, chumba kimoja, wanaelewana.

Tulipiga picha ya pamoja. Ninayo mpaka leo. Kaka yuko mbele, mguu ameunyoosha, anacheka.

Dawa ilipoiva tukachukua ya kupima.

Hakuna kitu.

Vijidudu viliota kisahani kizima, mpaka juu ya lile tone lenyewe. Nikajua nimekosea mimi. Nikarudia. Hakuna kitu. Nikarudi nyumbani nikachukua nyingine. Hakuna kitu.

Dokta akasema labda ni majani ya msimu huu. Tukachuma kwingine. Akasema labda ni maji. Tukabadilisha. Kila nikifungua kisahani nilikuwa naomba, na kila nikifungua nilikuta kumeota kama zulia.

Jumamosi moja nikaenda jikoni, nikafunua ile sahani ya bati, nikatega sikio.

Kimya.

"Mama, mbona hakinong'oni?"

Mama alikuwa ananipa mgongo. "Kimechoka tu. Kitarudi."

Hakugeuka.

Huku nje maneno yakaanza. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, akawa anakuja kila Jumapili na hoja yake. "Wamekuibia, shemeji. Wamekuja na mashine zao wamevuta nguvu yote wameondoka nayo. Huyu binti yako ndiye aliyewafungulia mlango."

Mama anamwongezea chai.

Na mguu wa Kaka ukaanza kunuka.

Mwanzo harufu kidogo, ya kujifanya huisikii. Kisha ikawa ya kufungua madirisha. Nikamwambia, "Kaka, twende hospitali."

"Hii inavuta uchafu, ndiyo maana inanuka. Dawa ya Mkurugenzi inafanya kazi. Mimi mwenye mguu nasikia."

"Usikie nini, wewe ambaye mguu uliungua ndani ya buti hukujua?"

Akacheka. Kila asubuhi alikuwa anatoka chumbani, anakaa kwenye benchi la jikoni, ananyoosha mguu. Mama anachuchumaa, anafungua bandeji, anapaka. Wanataniana. Mama anamuuliza, "Unaonaje leo?" Yeye anajibu, "Leo afadhali kuliko jana."

Nilikuwa nasimama mlangoni siku hizo. Nilimtazama Mama usoni nikitegemea aniunge mkono, aseme nenda hospitali. Alikuwa anaangalia bakuli la dawa tu.

Dokta naye alinipigia simu. "Mwambie kaka yako aende leo. Utafiti utasubiri, mguu hausubiri."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia yeye ndiye aliyetuharibia. Nikamwambia tangu aingie kwetu dawa imekufa, na watu wanasema anajua ilikokwenda. Maneno ya Baba Mdogo yalitoka kinywani mwangu kama nimeyakariri.

Dokta akasema, "Sijui tulichoharibu. Natamani mno ningejua."

Kaka alianguka kazini, juu ya geti la watu ambalo hakulimaliza. Alikuwa anawaka homa. Wenzake wakamkimbiza hospitali na nguo zake za kazi.

Daktari wa upasuaji hakuzunguka. Sumu imeshaingia kwenye damu. Mguu unakatwa leo hii, juu ya goti, na bado tuombe.

Mama alirudi nyumbani mara moja kuleta shuka. Nikabaki na Kaka wodini, wanaandaa chumba cha upasuaji. Alikuwa amekonda ghafla, macho makubwa.

"Bi Visahani."

"Naam, Kaka."

"Nikuulize kitu cha kazini kwenu. Chungu kikioshwa, dawa inaweza kufa?"

Nikamtazama.

"Kikioshwa vipi?"

"Kuoshwa. Majivu, mchanga, sabuni, maji ya moto. Akasugua mpaka rangi yake ikatoka. Siku ile wageni wanakuja. Mimi ndiye niliyembebea maji ya moto, na mguu wangu huu, huku namtania."

Kile chekundu kizuri kwenye kona. Nilikiona kwa macho yangu mwenyewe nikafurahi.

"Kilikuwa hakioshwi?"

"Tangu enzi za Bibi. Unabakiza machicha ya majani, unaongezea mapya juu yake. Bibi alikuwa anasema kina mwenyewe ndani. Ukikiosha, mwenyewe anaondoka." Akapumua. "Siku Miwani alipouliza kama kuna jambo lingine, nilijua Mama analiwazia hilo. Aliona aibu. Wasomi wamekuja na vifaa vyao, awaambie kuna mtu anaishi kwenye chungu? Mngemcheka."

Tusingemcheka.

Ndugu zangu, hapa ndipo napasuka kila nikifika. Tusingemcheka hata kidogo. Dokta angesikia neno lile moja, chungu hakioshwi, angeruka kwenye kile kigoda. Kwa sababu kweli mlikuwa na wenyewe mle ndani. Kwenye vitundu vya udongo, kwenye ule utando tuliouonea haya, walikuwa wanaishi vijidudu wema, kizazi baada ya kizazi, tangu Bibi. Hao ndio waliokuwa wananong'ona. Hao ndio waliokuwa wanafukuza wale wabaya. Jani lilikuwa chakula chao tu. Mama alitueleza yote aliyodhani ni sayansi, akaficha sehemu aliyodhani ni ushamba, na dawa ilikuwa kwenye hiyo aliyoficha.

"Ulijua lini?" nikamuuliza Kaka.

"Kilipoacha kunong'ona nikahisi. Dawa ilivyoanza kunichoma badala ya kunipoza pale pembeni ninaposikia, nikajua."

"Kwa nini ukaendelea kukaa kwenye lile benchi? Kwa nini hukwenda hospitali?"

Alifumba macho.

"Ningekwenda, Mama angejua dawa yake imekufa. Angeuliza kwa nini. Angefika kwenye kile chungu na mikono yake mwenyewe. Nikasema ngoja, pengine kitarudi kabla mambo hayajaharibika." Akanishika mkono, kiganja chake kigumu kama chuma. "Usimwambie. Niahidi. Wasingizie Miwani na wenzake, wao wamezoea kulaumiwa."

Nikamwahidi. Ningefanyaje? Wauguzi walishafika na kitanda cha magurudumu.

Wakaukata mguu. Kaka akaamka, akamuuliza Mama kama sasa atalipia nusu ya jozi ya viatu. Mama akacheka, akatoka nje akalia.

Lakini sumu ilikuwa imemtangulia. Hakumaliza wiki. Kaka yangu aliondoka asubuhi, Mama amemshika kichwa, mimi nimeshika ule mguu mmoja uliobaki kwa sababu sikujua nishike wapi.

Sina maneno ya hapo. Naomba mpite tu.

Msibani watu walijaa uani. Mafundi wenzake walikuja na nguo zao za kazi, hata Narudisha-Kesho alikuja na viti vyetu vyote alivyowahi kuazima.

Kisha nikamwona Dokta anaingia getini. Amevaa shati jeusi, amekunja mikono mbele kama mtoto aliyeitwa ofisini. Uso wake ulikuwa umevimba.

Baba Mdogo akasimama.

"Wewe. Una ujasiri gani wa kukanyaga hapa? Umechukua dawa ya watu, umemuacha kijana anaoza. Toka."

Watu wengine wakaanza kunung'unika, "Kweli, atoke." Dokta hakujitetea. Alisimama pale, miwani imejaa ukungu, na nadhani naye alikuwa anaamini ni kweli.

Nilitaka kusimama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na mtu asiye na kosa angeachwa. Lakini Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka hatua chache kutoka kwangu, na Kaka nilimwahidi, na wa kunifungulia ile ahadi tulikuwa tumeshamzika. Nikabaki nimekaa.

Dokta akageuka kuondoka.

"Mwacheni mgeni wangu."

Alikuwa Mama. Alijiinua taratibu, khanga ikaanguka begani, hakuiokota.

"Hakuna aliyeniibia kitu. Chungu nilikiosha mimi. Kwa mikono yangu hii. Wageni walikuwa wanakuja, nikasema wasije wakakuta uchafu, wakamcheka binti yangu kazini kwao. Mama yangu alinikataza kukiosha. Nikaona ni maneno ya kizamani."

Baba Mdogo akarudi kwenye kiti chake.

Mimi nikamfuata Mama nikamshika mkono. Nikauliza kwa sauti ya chini, na bado nadhani kila mtu alisikia, "Mama, ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipokijaza upya kikakataa kunong'ona. Wageni hata walikuwa hawajamaliza chai."

"Na ukawa unampaka kila siku?"

"Ningemwambia nini?" Sasa alikuwa analia waziwazi, usoni hajifuti. "Alikuwa ananiambia inafanya kazi. Kila siku ananiambia leo afadhali. Nikasema nikimwambia imekufa, moyo wake utavunjika, na mgonjwa aliyevunjika moyo haponi. Nikasema labda kwenye mguu wake inafanya kazi hata kama chungu kimenyamaza. Nilimwamini mwanangu."

Nilikaa pale pale chini.

Dokta alirudi. Akapiga magoti mbele ya Mama, suruali yake nzuri kwenye vumbi, akamshika mikono yote miwili. Hakumweleza habari za vijidudu siku ile. Alisema tu, "Nilipaswa kukuuliza vizuri zaidi, Mama. Nilikuuliza mara moja nikaona nisikusumbue."

Na ndivyo ilivyokuwa. Dokta hakuchimba, eti anamheshimu mzee. Mama hakusema, eti anawaheshimu wasomi. Kaka hakusema, anamhurumia Mama. Mama hakusema, anamhurumia Kaka. Nyumba nzima tulikuwa tunapendana mpaka tukamzika mtu.

Watu walipotawanyika, siku chache baadaye, nilikuwa jikoni na Mama tunaosha vikombe vya kabatini. Kona ile ilikuwa na chungu bado. Benchi la Kaka lilikuwa pale.

Mama akaniuliza, bila kunitazama, "Yeye alijua?"

Nilitaka kusema hapana. Nilimwahidi Kaka. Lakini nilikuwa nimechoshwa na kufichana katika nyumba ile, na niliona nikiongeza la kwangu nitamzika na Mama.

"Alijua, Mama. Ndiye aliyekubebea maji ya moto. Aliniomba nisikwambie."

Aliendelea kusugua kile kikombe, kikombe kimoja, muda mrefu.

"Alikuwa anakuja mwenyewe," akasema. "Sijamwita. Kabla sijabandika hata maji jikoni, namkuta ameshakaa hapo amenyoosha mguu."

Kisha akakiweka kile kikombe chini, akaenda akakaa kwenye lile benchi, na mimi nikamwacha.

Karatasi ya utafiti iliandikwa. Ilichukua muda. Jina la Mama liko juu, la kwanza, Dokta alikataa kabisa liwe la pili. Inaeleza kazi ilivyoshindikana na kwa nini. Kuna sehemu Mama aliisema kwa mdomo wake na Dokta hakubadilisha kitu: "Kisioshwe. Mama yangu alisema kina mwenyewe ndani, na mimi sikumtaja kwa wageni." Chini yake kuna maelezo marefu ya vijidudu. Mama anasema maelezo ni mazuri, ila yamechelewa kufika.

Dokta sasa anazunguka na Mama nyumba hadi nyumba, wanatafuta wanawake ambao Bibi aliwahi kuwagawia machicha zamani. Waliowapata mpaka sasa, vyungu vilishavunjika au vimepandwa maua. Siku hizi akifika kwa mtu Dokta anauliza swali lake, akijibiwa ni hayo tu, anakaa. Anakunywa chai. Anauliza tena kwa njia nyingine. Anarudi kesho.

Nawaambia na nyie mnaonisoma. Ukiulizwa unachojua, sema chote, hasa kile unachokionea haya. Na ukiwa wewe ndiye unayeuliza, usiridhike na hapana ya kwanza ya mzee aliyekutolea vikombe vya kabatini. Na kama kuna mgonjwa kwenu, mwambianeni ukweli akiwa bado anaweza kutembea kwenda hospitali.

Mama hakukitupa chungu. Amekijaza upya, na sasa hakigusi kwa sabuni wala maji ya moto. Utando umeanza kuota kidogo pembeni. Kila asubuhi, kabla ya chai, anafunua ile sahani ya bati, anainamisha sikio. Mimi nikiwepo namuuliza, "Vipi, Mkurugenzi?"

Anasema, "Bado."